Udongo Usiomjua Mtu

Baba yangu aliwahi kuwa na mbuzi jike wa pembe moja, na mbuzi yule alimwaibisha sana. Zamani hizo tunakaa Mbande, mie bado sijatahiriwa. Baba akibanwa na shida anamuuza. Alimuuza kwa mtu wa Chamazi, kesho kutwa mbuzi yupo mlangoni anakula kisamvu cha mama. Akarudishwa kwa aliyemnunua, akatoroka tena. Yule mtu akachoka, akadai fedha zake. Baba akamuuza Yombo, mbali kabisa, tukasema huko hatoki. Ikapita kama juma, tukamwona anajitokeza kwenye mikorosho, kamba imemkatikia shingoni, anakuja taratibu kama mama mtu mzima anayetoka sokoni.

Watu wakaanza maneno. Wakasema baba kamfundisha, anamuuza mbuzi mmoja kwa dunia nzima. Baba akaapa, hakuna aliyemwamini. Mwisho alimchinja, tukala, na hapo ndipo akaacha kurudi.

Mama alikuwa na maneno yake. Alisema, "Msimlaumu mnyama. Pana kitu nyuma ya jiko langu anakifuata." Tulikitafuta kitu hicho, sie watoto, tukapekua nyuma ya jiko lote. Palikuwa na majivu, na vipande vya mitungi iliyovunjika, na mahali pa kumwagia maji ya kuoshea mchele. Basi. Mpaka leo sijui alikuwa anafuata nini.

Nimeanza na mbuzi kwa sababu nyie vijana mlioshika zamu yangu mliniuliza siku ile mnaniaga: mzee, watu wanafuata nini pale kilimani? Hapana mnara, hapana sanamu, hapana hata banda la chai, na bado mtu akija mara moja atakuja tena. Mkaniomba niandike. Sikusoma sana. Nilikaa chuoni kwa mwalimu nikatoka na juzuu chache, halafu kisomo cha watu wazima kikanipa herufi nikiwa na mvi. Kwa hiyo msihangaike na nukta zangu, fuateni maneno. Na mambo ya vyeo msiyatafute humu, nilivipata viwili na vyote havikunibadilisha viatu.

Mie nilikuwa mchimba vyoo. Bendera ilikuwa bado mpya, watu wanamiminika mjini kutoka kusini na kutoka bara, Temeke inajengwa kila upande, na kila nyumba inataka shimo. Kazi ilikuwepo. Siku moja nipo ndani ya shimo pale Keko, nasikia juu mtu anauliza, "Nani kachimba hiki?" Nikajua ni bwana afya, nikatafuta pa kutokea. Shimo la choo halina mlango wa nyuma. Nikatoka na udongo kichwani, nikamkuta mtu mfupi, koti la kaki, anazipapasa kuta za shimo langu kama anapapasa ng'ombe wa mahari.

"Umetumia timazi?" akauliza.

"Timazi ya nini, bwana? Nimetumia jicho."

"Kuta zako zimesimama. Kesho njoo Mbagala."

Huyo ndiye Stefano, Mhehe wa Iringa, msimamizi wa wachimbaji wa idara yetu ya mambo ya kale. Alikuwa amefanya kazi kwenye mabonde ya huko kwao, ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala juu ya ardhi kama viazi vilivyosahaulika shambani. Aliletwa pwani kwa ajili ya kilima kimoja kilicho ng'ambo ya mto Kizinga. Wenyeji walikiita Kilima cha Mavi ya Chuma. Ofisini walikiandika kwa namba, nadhani kwa adabu.

Siku ya kwanza nilikwenda na sururu yangu begani. Stefano akaichukua, akaitundika kwenye tawi la mkorosho, akanipa mwiko wa mwashi na brashi ya kupakia rangi. Nikadhani ananitania, nami Wahehe si watani wangu.

"Bwana Kondo," akasema, "choo unakikimbilia chini. Hapa unamvua nguo mgonjwa. Ukivuta kwa nguvu unatoka na ngozi."

Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeshuka kina cha kidole. Nyumbani mke wangu akauliza nimechimba kiasi gani, nikamwonyesha kidole. Akaniuliza kama naumwa.

Lakini nikaendelea, kwa sababu mie ni mkaidi, na kwa sababu siku ya pili mwiko uligonga kitu. Kigae. Kipande cha chungu, upana wa kiganja, na shingoni kimechorwa mistari ya kukingamana. Nilikifuta vumbi. Aliyeichora mistari ile mkono wake ulitetemeka mara moja, mstari ukapinda, akaurekebisha. Nikakaa chini. Stefano akaniacha nikae. Baadaye sana aliniambia kuwa huwa anamwangalia mtu mpya na kigae chake cha kwanza: akikitupa kwenye ndoo haraka, anamlipa siku yake na kumwaga.

Mnavijua vilivyomo mle, lakini wapo watakaosoma hawajafika. Juu kabisa ni yale mavi ya chuma, mabonge meusi yaliyobaki baada ya watu kuyeyusha chuma, pamoja na vipande vya mirija ya udongo waliyopulizia moto. Chini yake vigae. Chini ya vigae, hamna chuma tena wala chungu, ila mawe meupe ya kung'aa yaliyochongwa makali, madogo, mengine kama ukucha. Hao ni watu wa kale zaidi, hawajajua chuma ni nini. Hawakuwa Wazaramo, hawakuwa Waarabu, hawakuwa Wajerumani. Hakuna aliyeacha jina. Na chini ya mawe yale unakuta mchanga mwekundu, msafi, mgumu. Stefano akifika hapo anaweka mwiko, anabandika kiganja na kusema, "Huu udongo haumjui mtu." Maana yake kazi imekwisha. Hapo hajawahi kupita mtu, hajawasha moto, hajatupa mfupa. Ukiendelea unajichimbia kaburi la bure.

Sasa mambo ya kazi, myashike. Msichekeche asubuhi mapema, umande unaufanya udongo ushikane na wavu unaziba, ngojeni jua. Chekeche likae kinyume na upepo, vumbi liende kwa mwingine, ila mwingine asiwe mkubwa wenu. Kigae chenye masizi msikioshe, masizi ni chakula cha watu wale. Na mkiwa hamjui kama kitu ni jiwe au mfupa, gusisheni ulimi: mfupa wa kale unanata, jiwe halinati. Mwezi wa Ramadhani kazi hiyo nilimwachia Stefano, akawa anasema Waislamu wa pwani wamepanga njama wamlishe maiti.

Na kubwa kuliko yote, kufukia. Msimu ukiisha hatuachi shimo wazi. Tunalirudishia udongo wake. Na kabla ya kurudishia, tunaweka kitu cha leo chini kabisa, ili atakayekuja kuchimba baada yetu, hata sote tukiwa tumekufa, akikigusa ajue: hapa wenzangu walifika, chini ya hapa hawakugusa. Wengine huweka kizibo cha soda. Stefano aliweka senti tano. Fedha zetu wenyewe zilikuwa zimetoka, ile senti tano ya shaba yenye samaki, naye akaipenda. Alishuka nayo shimoni mwenyewe, akaiweka kona ya mashariki, akapanda, akasema, "Fukieni."

Tulifanya hivyo mchana, watu wanatazama. Hatukuona ubaya. Nyie mnajua watu wa kwetu: mtu akichimba, akachekecha, akaondoka na vifuko vilivyoshonwa midomo, halafu akaweka fedha chini na kufukia, kafanya nini? Katambika. Na hakuna anayetambikia udongo mtupu.

Stefano alirudishwa kwao, akaniachia mwiko wake. Mie nikawekwa mlinzi wa kilima, nikajenga kibanda pale chini. Hapo ndipo nikawaona hao wanaorudi.

Alikuwepo karani mmoja wa bara, anakuja Jumapili akitoka kanisani na mkewe. Wanakaa, wanakula karanga, hawaulizi kitu, wanakwenda. Miaka. Alikuwepo mwalimu wa shule analeta darasa kila mwaka, kila mwaka anawaambia watoto kilima kilijengwa na Wareno, nami kila mwaka namkumbusha, anashukuru sana. Na alikuwepo Bi Zena, balozi wetu wa nyumba kumi, mfinyanzi. Huyu alikuja kuangalia vigae. Anakigeuza, anakipigapiga kwa kucha, anasema, "Huyu alikuwa na haraka, mwanawe analia." Au, "Huyu hakufundishwa na mama yake, kafundishwa na mkwe." Nikimwuliza kajuaje, anasema, "Mtu akifinyanga kwa woga unajua, Kondo." Siku hazipiti nyingi, anapanda kilima tena.

Na alikuwepo Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, muuza mkaa, anatoka Vikindu na baiskeli imebeba magunia mpaka haionekani. Mie Mzaramo. Sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zake wanabeba mizigo mpaka pwani na babu zangu wanawapokea. Kwa vijana msiojua: mtani anakutukana mbele za watu nawe unacheka. Anaingia kwako anachukua jembe, anasema nimechukua, nawe huna neno. Na ukifa, yeye ndiye anayemchekesha mkeo msibani. Kukasirikia mtani ni kukosa malezi.

Mara ya kwanza alisimamisha baiskeli chini, akapaza sauti, "Wee Mzaramo, unalinda mavi?"

"Nalinda kichwa chako kilichoanguka kwa mizigo. Pita ukichukue."

"Nyie mkiona kivuli mnakaa. Serikali imewapa kivuli na mshahara juu yake."

"Na nyie mlizaliwa na mzigo kichwani, mkitua mnaumwa."

Akacheka, akapanda, nikampa maji. Akauliza mambo mengi ya kilima. Yale mawe meusi yanaanzia wapi. Kijito kiko upande gani. Na ile fedha, iliwekwa kona ipi. Nikamjibu yote. Mtani, maji, kivuli, utaficha nini?

Alirudi, akarudi tena. Siku moja akanieleza. Baba yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani wakati wa vita ile ya kwanza. Yeye na mwenzake walibeba sanduku la chuma, refu kama jeneza la mtoto. Wakafika kwenye kilima cha mawe meusi karibu na kijito, Mjerumani akaamuru lifukiwe. Mwenzake akafa kwa homa njiani. Baba yake akarudi Tabora na hadithi, akawa anaisimulia kila mwaka mavuno yakiisha, mpaka akazikwa. Maganga aliacha mke na mashamba, akaja pwani kutafuta. Mkaa ulikuwa wa kumlisha tu.

"Nimeshamaliza vilima vingine," akasema. "Kimebaki chako."

"Pale hamna sanduku, Maganga. Tumechimba."

"Mlichimba, mkakuta kitu, mkaweka fedha, mkafukia. Mie si mtoto."

Nilimweleza habari ya senti tano. Nilimweleza taratibu kama ninavyowaeleza nyie. Akanitazama kwa huruma, kama anamtazama mtu aliyeajiriwa asijue ameajiriwa kulinda nini.

Huu ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijijini. Jirani yetu palipangwa kijiji, kamati ikaundwa, ikataka kujenga shule na ghala, na kujenga kunataka mchanga. Kilima chetu ni mchanga mtupu chini ya yale mavi. Mkubwa wetu, Bwana Tarimo, kijana msomi mwenye subira, alikuja na gari kunieleza mambo yalivyo. "Mzee Kondo, baada ya msimu wa korosho watakuja wakaguzi. Wakikikuta kilima kizima, kitatangazwa, hakuna wa kukigusa tena. Wakikikuta kimetobolewatobolewa, watasema hakuna cha kulinda, na kijiji kitapewa mchanga. Hapo hata mie siwezi kuzuia."

Nikamwambia kitakutwa kizima. Nilisema kwa kinywa changu, na wanangu wawili walikuwa wa kusoma kwenye hiyo shule.

Juma hilohilo nikakuta shimo la kwanza. Upande wa mashariki, limechimbwa kwa beleshi, pembezoni vumbi la mkaa. Vigae vimetupwa kama makumbi. Nikakaa nikavipanga, lakini kigae kikishatoka mahali pake ni kama neno lililong'olewa kwenye barua, unalo, ila hujui lilikuwa linasema nini.

Nikamfuata Maganga kwenye mkaa wake, mbele ya wateja.

"Shimo lako nimeliona."

"Zuri?"

"Baya. Kuta zimelala kama wewe."

"Nimechukua changu kwa mtani wangu," akasema, na akinamama wa mkaa wakacheka, nami ikabidi nicheke. Nikafukia. Likaja la pili. Nikahamishia kitanda juu kilimani, nikalala na rungu. Akaja asubuhi nipo kijitoni nachota maji. La tatu.

Nilikwenda kwa Bi Zena kama balozi. Nilisema nataka kumpeleka polisi, wampeleke gereza la Ukonga akapumzike.

Bi Zena alikuwa anaponda udongo kwa miguu, hakuacha. "Utampeleka mtani kituoni? Kwa kosa la kuchukua kwako?"

"Si kwangu. Ni kwa serikali."

"Yeye anachimba kwako. Ukimfunga, kila mtu huku atajua kweli lipo sanduku. Watakuja wote, Kondo. Utawafunga wote?"

Nikachota maji, nikamwongezea kwenye udongo wake.

"Mtu wa namna hii," akasema, "humwambii hamna. Anaonyeshwa hamna. Na mikono yake ndiyo imwonyeshe."

Nilirudi nikifikiri. Nyie mnaoniona mkaidi, ukaidi wangu ulikomaa pale. Niliazimia kulifungua shimo letu la zamani, lile la Stefano, hadharani, mchana, Maganga mwenyewe akiwa ndani. Udongo wa shimo lile ulikwishachezewa na sie wenyewe, kuufukua hakuharibu kitu. Shida ilikuwa chini ya senti tano: kwenye shimo lile msimu uliisha hatujafika udongo mwekundu, na pasipoguswa hapachimbwi bila ruhusa ya ofisi.

Bwana Tarimo alikataa mara ya kwanza. Nilipanda basi mpaka mjini, nikakaa kwenye benchi la ofisi. Akakataa mara ya pili. Nikarudi kesho yake, nikakaa benchi lilelile.

"Na wakaguzi wakifika shimo liko wazi?" akauliza.

"Watakuta shimo lenye kuta zilizosimama na kijiji kizima kinachekecha. Bila hivyo watakuta matobo ya panya buku."

"Na likiwepo hilo sanduku?"

"Likiwepo tutakuwa tumekosea sote, na wewe utaandikwa gazetini."

Akacheka. Akakubali kona moja tu chini ya alama yetu, upana wa mkeka wa kuswalia, naye atakuja.

Nikampelekea Maganga habari. Hakuamini. Nikampa masharti: mwiko, si beleshi, na kila karai litapita kwenye chekeche mbele ya macho yake. "Ukigusa sururu utani umekwisha."

"Utani hauishi kwa Mzaramo kusema," akajibu, lakini mkono wake ulikuwa umeshaachia baiskeli.

Alikuwa mchimbaji. Nasema kweli. Kwa siku za mwanzo alinitukana, anasema anachokonoa masikio ya dunia. Halafu akanyamaza. Akaanza kushuka sawasawa, kona kwa kona, anapiga brashi, anaweka mwiko pembeni kila akishika kigae kilichotuponyoka zamani. Watu wakaja. Kamati ya kijiji ikaja, wake zao wakaja na watoto mgongoni, akinamama wa mkaa wakafunga biashara. Bi Zena akasimamia chekeche, kila kigae anakionyesha juu, anawaambia wanawake huyu alikuwaje. Nilikuwa nawatazama wale wa kamati, wale waliotaka mchanga. Mmoja alichukua kigae akakishika muda mrefu, akakirudisha kwenye kifuko mwenyewe, taratibu.

Siku ya wakaguzi Maganga alifika chini. Gari lilikuwa limesimama, Bwana Tarimo anawazungusha kilimani, nao wanaandika. Mie nipo mdomoni mwa shimo. Mwiko ukalia. Maganga akafuta kwa brashi, ikaonekana ile senti tano, kijani kwa kutu, samaki bado anaogelea.

Watu wakasogea ukingoni. Maganga akanitazama juu.

"Chini ya hapa hamkugusa."

"Hatukugusa."

"Naam." Akaiweka senti tano juu ya ukingo, karibu na mguu wangu, akaanza kona yake.

Alikuta yale mawe meupe. Machache, makali. Akayapandisha moja moja, mie nikayapokea. Sikumtania. Nilijaribu kutafuta neno, maana mtani akikaa muda mrefu bila kutukanwa anaona baridi, lakini halikuja. Chini ya mawe mchanga ukabadilika rangi. Ukawa mwekundu, msafi, mgumu. Akakwangua. Akakwangua upande mwingine. Akasogea mpaka ukutani, akakwangua pale pia. Mwekundu.

"Huu ni nini?" akauliza.

Nilishuka ngazi. Nikabandika kiganja chini, nikamwambia abandike na cha kwake. Nikamwambia alivyosema Stefano, kwamba huu udongo haumjui mtu. Hapa hajapita Mjerumani, hajapita mpagazi, hajapita yeyote.

Akakaa amebandika kiganja. Kiganja cha muuza mkaa, mistari yote meusi. Nikamsikia anapumua.

"Baba yangu hakuwa mwongo," akasema.

"Sikusema ni mwongo."

"Alibeba. Bega lake lilikuwa na kovu, nimelishika."

"Labda ni kilima kingine, Maganga."

"Vingine nimemaliza."

Hapo Bwana Tarimo akatokea juu, amefurahi, nyuma yake wakaguzi wanazipapasa zile kuta za shimo. "Mzee Kondo, kimepita," akasema. "Watakitangaza. Na hawa wa kijiji wamesema mchanga watatafuta ng'ambo ya mto." Watu wakapiga vigelegele, Bi Zena kwanza. Mie nilikuwa chini ya shimo, nimeshinda, na sikujua uso wangu niupeleke wapi.

Maganga akafuta mwiko kwa shati lake, upande huu na upande huu, akanipa kwa mkono wa kulia. Nikamwambia tunafukia kesho, aje aweke senti mpya kwa mkono wake, hiyo ndiyo heshima ya mchimbaji. Nikaongeza, kwa kulazimisha, "Au Mnyamwezi hana hata senti?"

Alitabasamu kidogo.

Akapanda ngazi. Akapita katikati ya watu, hakumtukana hata mmoja, na akinamama wa mkaa waliokuwa wamejiandaa kujibu wakampisha. Bi Zena akamwita chai iko tayari. Akainua mkono bila kugeuka. Baiskeli aliikuta imeegemea mkorosho, akaitazama, akaiacha pale, akashika njia kwa miguu kuelekea barabara ya Kilwa, mikono mitupu. Nilisimama ukingoni mpaka mikorosho ikamficha.

Kesho yake tulingoja mpaka jua likawa kali, ndipo nikaiweka senti mwenyewe na kufukia. Hakurudi.